Alama kubwa za hamu ya misuli: je, wachezaji wangu wanachukia miili yao?

*"Habari daktari. Mimi ni kocha wa timu ya raga ya wanawake hapa Jinja. Nina wachezaji 24, wa miaka 17 hadi 27. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kwa sababu wengine ni Wasoga, wengine wametoka Busia, Arua na Kongo. Tangu tuanze kunyanyua vyuma mwaka jana, naona wasichana wamebadilika. Wengine kila saa wanazungumzia mikono na mapaja yao. Nilipata mtandaoni dodoso la Kiingereza la maswali 15 linalopima hamu ya kuwa na misuli. Nikalitafsiri mwenyewe, kila mmoja akajaza na kuandika jina lake. Majibu yanaanzia 1 hadi 6, nami nikajumlisha. Sasa nimechanganyikiwa. Aliyepata nyingi kuliko wote, 79, ni fulubeki wangu ambaye vyuma hagusi kabisa, anasema hataki kugeuka mwanamume. Propu wangu, binti mchangamfu anayekula vizuri, amepata 43. Winga wangu amepata 41, na huyu ndiye anayeninyima usingizi: akikosa mazoezi siku moja anakasirika mpaka analia, anakula ute wa mayai na kabichi tu, na anakimbia na goti lililovimba. Je, dodoso hili lina maana yoyote kwa wanawake? Alama ngapi ni za hatari? Na huyu winga nimfanyie nini?"*

Kocha, tuanze na hesabu, kwa sababu nusu ya mkanganyiko wako imo humo. Kwa jinsi unavyolieleza, dodoso ulilopata ni lile la Donald McCreary na Doris Sasse lililochapishwa mwaka 2000. Katika karatasi yake ya asili, 1 maana yake ni "daima" na 6 ni "kamwe". Anayewaza misuli usiku na mchana atazungushia 1 na 2. Asiyeijali atazungushia 6. Ukijumlisha namba hizo kama zilivyo, jumla kubwa inakuwa ya yule asiyetaka misuli. Ndiyo maana fulubeki wako ameongoza.

Majibu hugeuzwa kwanza ndipo yajumlishwe. Unachukua 7, unatoa jibu lake: 1 inakuwa 6, 2 inakuwa 5, na kuendelea. Kama mchezaji amejibu maswali yote 15, chukua 105 utoe jumla yake. Fulubeki anabaki na 26, propu anapanda hadi 62, winga 64. Ukigawanya kwa 15 unapata wastani wa kila swali: 1.7 kwa fulubeki, 4.1 kwa propu, 4.3 kwa winga. Tumia wastani huo kuliko jumla, maana aliyeruka swali moja jumla yake hushuka bila sababu; huyo geuza majibu yake moja moja, kisha gawanya kwa idadi ya maswali aliyojibu. Aliyeacha zaidi ya maswali matatu wazi, usimhesabu. Halafu itazame tena karatasi uliyoichapa: kama wakati wa kutafsiri uligeuza ngazi, ukaandika 6 kuwa "daima", basi usigeuze mara ya pili. Lakini kwa matokeo uliyonipa sidhani kama uligeuza.

Hesabu ikishanyooka, picha inaanza kufanana na watu unaowajua uwanjani. Hata hivyo swali lako kubwa bado liko pale pale: propu na winga wamepishana kwa alama 2 tu, na wewe mwenyewe unaona kwamba mmoja yuko salama na mwingine hayuko.

Wengi hudhani dodoso hili lilitengenezwa kwa wanaume peke yao. Sivyo. Lilijaribiwa tangu mwanzo kwa wavulana na wasichana wa umri wa sekondari huko Kanada, hawakufika 200 kwa jumla. Wavulana walipata alama za juu kuliko wasichana, kama ilivyotarajiwa. Kwa wavulana, hamu kubwa ya misuli ilienda pamoja na kujidharau na dalili za sonona. Kwa wasichana uhusiano huo haukuonekana. Mwaka 2004 McCreary na wenzake walichambua tena jinsi maswali yanavyojikusanya. Kwa wanaume yaligawanyika katika mafungu mawili yanayoeleweka: mawazo juu ya mwili upande mmoja (natamani ningekuwa na misuli zaidi, mikono yangu haitoshi) na matendo upande mwingine (nanyanyua vyuma, nakunywa unga wa protini, najisikia vibaya nikikosa mazoezi). Kwa wanawake mafungu hayo mawili hayakusimama vizuri. Swali la kufikiria kutumia steroidi, yaani dawa za kukuza misuli, halikukaa vizuri na mengine, na watafiti wengi huliacha nje. Kwako maana yake ni kwamba usijaribu kuwapa wachezaji alama ya "mawazo" na alama ya "matendo" mbali mbali. Wastani mmoja unatosha, na hata huo uuchukue kwa tahadhari.

Kwa nini kipimo kile kile kiseme jambo moja kwa kijana wa kiume na jambo lingine kwa binti? Soma maswali yenyewe. Moja linauliza kama ungependeza zaidi ukiongeza pauni 10, yaani kilo 4 na nusu hivi, za mwili mnene wenye misuli. Lingine linauliza kama unajitahidi kula kalori nyingi uwezavyo kwa siku. Lingine linauliza kama unaona kifua chako hakina misuli ya kutosha. Hiyo ni ndoto ya mtu anayetaka kuwa mkubwa. Wanawake wengi wanaosema wanataka misuli wanataka kitu kingine: misuli inayoonekana kwa sababu mafuta yaliyoifunika yameondoka. Bega lenye mstari, tumbo gumu, paja lisilotikisika, na huku kiuno kikibaki chembamba. Mambo mawili yanavutana hapo, kuongeza na kupunguza, na dodoso lako linauliza upande wa kuongeza tu.

Sasa mrudie winga wako. Mtu anayekula ute wa mayai na kabichi, kwenye swali la kula kalori nyingi atajibu "kamwe". Kwenye kuongeza kilo 4 na nusu atajibu "kamwe" kwa hofu. Maswali hayo mawili yamemshusha, na bado amepata 4.3. Propu naye huenda amejibu "daima" kwenye maswali hayo hayo, kwa sababu mstari wa mbele wa skramu unadai uzito na yeye analijua hilo. Toa karatasi zao mbili uzilaze mezani, usome swali kwa swali badala ya jumla. Nakisia utakuta alama za winga zimerundikana kwenye kujilaumu akikosa mazoezi, watu kumwambia anazidisha, na ratiba ya vyuma kuingilia mambo mengine ya maisha. Za propu zitakuwa kwenye kutamani nguvu, kunyanyua vyuma na kula. Alama zao zinakaribiana, lakini wanatafuta vitu viwili tofauti: mmoja anataka mwili ufanye kazi fulani, mwingine anataka mwili umwondolee hofu.

Kuna utafiti wa Kristin Homan wa mwaka 2010 uliowafuatilia wanawake wa chuo kwa muda badala ya kuwapima mara moja. Walioupokea moyoni mfano wa mwili mwembamba, baadaye waliongezeka katika kutoridhika na miili yao, katika kujinyima chakula na katika mazoezi ya kulazimika. Walioupokea mfano wa mwili wa kimichezo waliongezeka katika jambo moja tu: mazoezi ya kulazimika, yale ambayo mtu hawezi kuyaacha hata akiumwa. Kwa kocha hilo ni muhimu sana. Mabinti wako wanaweza kukuambia kwa ukweli kabisa kwamba wanaipenda miili yao, na bado mmoja wao akawa anakimbia na goti lililovimba. Kwa hiyo kuuliza "unaupenda mwili wako?" hakutoshi. Uliza pia "siku ukilazimika kupumzika, inakuwaje?"

Na hapa kwetu kuna safu nyingine ambayo wale wa Kanada hawakuwa nayo. Katika sehemu nyingi za Uganda mwili uliojaa umekuwa alama ya afya, ya kutunzwa, ya heshima ya nyumba. Kisha likaja gonjwa la UKIMWI, na mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliliandika katika jarida la Lancet kwa jina ambalo watu wa Rakai walikuwa wameshalipa, "slimu", yaani kukonda. Mpaka leo neno hilo la "slimu" kwa watu wengi lina maana ya ugonjwa. Mchezaji wa Jinja anaweza kuwa anasikia kwa shangazi kwamba amekonda na anatia aibu, anasikia jimu kwamba bado ana mafuta, na kwenye simu anaona matumbo yenye vipande sita. Anaposema anataka misuli, huenda amepata jina moja la kuwaridhisha wote watatu: hanenepi, hakondi, anajenga. Hakuna dodoso la maswali 15 litakalokufunulia hilo. Mazungumzo yanaweza.

Juu ya tafsiri. Umefanya kazi ya kusifiwa, lakini mtu mmoja hatoshi. Utaratibu unaokubalika ni watu wawili kutafsiri kila mmoja peke yake, kisha kukaa na kulinganisha. Mtu wa tatu ambaye hajaona Kiingereza cha asili anarudisha Kiswahili kwenye Kiingereza. Halafu kikundi kidogo, kwa mfano mwalimu wa Kiswahili, mkufunzi wa jimu na wachezaji wawili, kinatazama palipopotoka. Baada ya hapo ndipo unawapa wachezaji sita hadi kumi, mmoja mmoja, wasome kila swali na kukueleza kwa maneno yao wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Utashangaa. "Kifua changu" kwa mwanamke huenda kimesomwa kama matiti, na jibu lake halihusu msuli hata kidogo. Andika "misuli ya kifuani, chini ya mabega". Pauni 10 geuza kuwa kilo 4 au 5. Swali la unga wa protini hapa hupima mfuko kuliko hamu: kopo moja ni pesa nyingi, kwa hiyo mchezaji anayekula mayai, maharagwe, njugu na mukene (dagaa) kwa lengo hilo hilo la kujenga msuli atajibu "kamwe". Taja vyakula hivyo ndani ya swali au uache swali lenyewe, lakini ukibadilisha lolote usilinganishe tena wastani wako na wa tafiti za nje.

Ngazi za majibu nazo zina mtego. Kwa Kiingereza kuna ngazi sita kutoka daima hadi kamwe. Kwa Kiswahili "mara nyingi" na "mara kwa mara" wengi huziona kitu kimoja, na mtu wa Busia hazipangi sawa na mtu wa Bunia. Njia nyepesi ni kuambatanisha siku: katika wiki 4 zilizopita, kila siku, karibu kila siku, zaidi ya nusu ya siku, chini ya nusu, siku moja au mbili, hakuna hata siku moja. Na usichape namba kabisa. Weka visanduku vya kutia tiki, namba utaziweka wewe wakati wa kusahihisha. Hapo hata suala la kugeuza linakoma kuwasumbua wachezaji.

Sasa alama ya hatari. Haipo. Dodoso hili halina mpaka wa kitabibu kwa wanaume wala kwa wanawake. Lilitungwa kwa ajili ya kulinganisha makundi na kutafuta uhusiano kati ya vitu, kama utepe wa kupimia urefu: unakuambia nani mrefu, haukuambii nani mgonjwa. Ukiona mtandaoni mtu ameandika "zaidi ya 4 ni tatizo", amejitungia. Na wachezaji 24 ni wachache mno kwa uchambuzi wowote wa maana. Kuthibitisha kama dodoso la Kiswahili linafanya kazi kwa wanawake kunahitaji mamia kadhaa ya wanawake, tena katika makundi mawili tofauti, moja la kutafutia muundo na lingine la kuuhakikisha. Kama ungependa kwenda huko, tafuta mtu wa saikolojia Makerere au Kyambogo mshirikiane. Itabidi mpate kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa wale wa miaka 17 ridhaa ya mzazi pamoja na yao wenyewe.

Lakini nadhani hutafuti utafiti. Unataka kujua nani anahitaji msaada. Kwa kazi hiyo kuna vifaa vinavyokufaa zaidi, na kila kimoja kina kasoro yake.

Mwaka 2018 Rachel Rodgers na wenzake walichapisha kipimo cha misuli kilichotungwa kwa wanawake tangu mwanzo, kinachouliza juu ya mwili uliokaza na wenye umbo badala ya mwili mkubwa. Kingemkamata winga wako vizuri kuliko hiki. Kasoro yake ni kwamba kilitungwa Marekani, na bado kinahitaji safari ile ile ya tafsiri niliyoeleza. Linda Smolak na Sarah Murnen walitoa mwaka 2008 kipimo kifupi cha maswali 6 juu ya hamu ya mwili usio na mafuta. Ukikiweka kando ya kile cha misuli unaweza kuona nani anataka kuongeza tu na nani anataka kuongeza na kupunguza kwa pamoja. Hao wa pamoja ndio wa kuwatupia jicho.

Upande wa pili kuna vipimo vya kuuthamini mwili. Kile cha Tylka na Wood-Barcalow cha 2015 kina maswali 10, na kingine cha Alleva na wenzake cha 2017 kina maswali 7 kuhusu kushukuru kwa yale ambayo mwili unaweza kufanya: kukimbia, kusukuma, kupona, kupumua. Kama ningelazimika kuchagua kimoja kwa timu ya raga, ningechukua hicho cha maswali 7. Ni kifupi, hakimwachi mtu na aibu, na majibu yake yanakupa pa kuanzia maongezi. Mchezaji mwenye hamu kubwa ya misuli na shukrani kubwa kwa kazi ya mwili wake kwa kawaida ni propu wako. Mwenye hamu kubwa na shukrani ndogo, kaa naye.

Kwa chakula, kuna maswali matano yanayojulikana kama SCOFF, ya John Morgan na wenzake wa London, 1999. Yanauliza kama mtu hujitapisha akijisikia ameshiba mno, kama anahofu ameshindwa kujizuia kula, kama amepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu, kama anajiona mnene wakati wengine wanamwambia amekonda, na kama chakula kimetawala maisha yake. Majibu mawili ya "ndiyo" au zaidi yanatosha kumpeleka kwa mtaalamu achunguzwe. Hayatoshi kumwita mgonjwa. Hapa Uganda ongeza swali moja kabla ya yote: katika mwezi uliopita kuna siku ulikosa chakula kwa sababu hakikuwepo? Mchezaji anayelala na chai tupu kwa sababu ya kodi ya nyumba atapungua kilo na atawaza chakula siku nzima, na dawa yake ni sahani ya posho (ugali) na maharagwe baada ya mazoezi. Uliza pia kuhusu Ramadhani, mifungo ya kanisa na malaria ya karibuni.

Karatasi zile zenye majina zinanisumbua. Wewe ndiye unayepanga kikosi cha Jumamosi. Mchezaji anayejua kwamba jibu lake litasomwa na mtu huyo huyo atajibu kile anachodhani unakitaka: propu atazidisha hamu, fulubeki ataikanusha. Isitoshe, hizi ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Waambie wachezaji kwamba hutazitumia kupanga timu, rudishia kila mmoja yake anayeitaka, zilizobaki zichane. Safari ijayo tumia namba za siri, na anayezitunza awe mtu asiyechagua kikosi, kwa mfano muuguzi au mfiziotherapia wa timu.

Fulubeki wako nisimwache. Hamu ndogo ya misuli siyo ushahidi kwamba ameridhika na mwili wake. Hofu ya "kugeuka mwanamume" ni hofu juu ya mwili pia. Mweleze kwa utulivu kwamba homoni ya testosteroni kwa mwanamume mzima ni takriban mara 15 ya mwanamke, hivyo vyuma mara mbili au tatu kwa wiki vitampa nguvu na kumlinda magoti, bila kumpa ndevu wala sauti nzito. Mabadiliko ya namna hiyo huletwa na steroidi, na sauti ikishazama mara nyingi hairudi. Kwa hiyo kama siku moja utamsikia mchezaji sauti imebadilika ghafla, au chunusi zimemjaa mgongoni na misuli imepanda ndani ya wiki chache, hilo ni jambo la daktari mara moja. Tena steroidi zimepigwa marufuku wakati wote na shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli.

Sasa winga. Ute wa yai moja una kalori kama 17. Akila ute wa mayai kumi hajafikisha 200, na kabichi haiongezi kitu cha maana. Mchezaji wa raga anayefanya mazoezi kila siku huhitaji zaidi ya 2,000. Mwili ukikosa nishati hauombi ruhusa, unaanza kupunguza matumizi: homoni za uzazi zinashuka, hedhi inapotea, mifupa inakosa uimara na kupata nyufa, jeraha halifungi, baridi haivumiliki, hasira iko karibu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hili la upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014 na kuliboresha 2023. Kinachoudhi ni kwamba msuli wenyewe haujengeki katika hali hiyo. Protini anayokula inachomwa kama kuni. Anakaza kamba, msuli haupatikani, anajiona hajajitahidi vya kutosha, anakaza zaidi. Goti linalovimba na kutopumzishwa liko ndani ya mzunguko huo huo.

Inawezekana pia kuna hali ambayo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, DSM-5, unaiweka chini ya tatizo la kuuona mwili una kasoro: mtu anaamini misuli yake ni midogo au haitoshi hata kama kila mtu anaona vingine, na wazo hilo linamla saa nyingi za siku, linamkatisha masomo, kazi au marafiki. Wanaume ndio hupatikana nayo zaidi, na kwa sababu hiyo wanawake hupita bila kuulizwa. Mimi siwezi kumpa jina hilo kupitia barua, na wewe usimpe pia.

Zungumza naye faraghani, siyo baada ya kushindwa mechi wala mbele ya mizani. Usianze na umbo wala uzito. Hata "umependeza" au "umekonda" ataigeuza kuwa amri. Anza na ulichokiona: "Nimekuona unakimbia na goti limevimba, na juzi ulilia kwa kukosa mazoezi. Nina wasiwasi na wewe." Kisha nyamaza usikilize. Akikataa kwamba kuna tatizo, usibishane, mwambie utamuuliza tena wiki ijayo na umuulize kweli. Suala la hedhi, kwa kuwa huenda hataki kulizungumza na kocha, muachie mwanamke anayeaminika timuni: kama imekosekana miezi mitatu mfululizo, kipimo cha mimba kwanza, kisha daktari. Kwa goti usijadiliane. Hakimbii mpaka mfiziotherapia alione, na hiyo ni sheria ya wote 24 ili asione ni adhabu yake. Kama huwa mnapimana uzito mbele ya kikosi kizima, acheni wiki hii hii.

Pa kumpeleka hapo Jinja ni hospitali ya rufaa ya mkoa: aonwe kliniki ya kawaida kwa damu, mapigo ya moyo na goti, kisha kitengo cha afya ya akili. Wakishindwa watampa barua ya kwenda hospitali za taifa, Butabika au Mulago. Akizimia, akisikia moyo unakwenda mbio au polepole mno akiwa amekaa, akitapika kila siku, akishindwa kula kabisa, au akisema anatamani kufa, mpelekeni siku hiyo hiyo bila kungoja miadi, na asiachwe peke yake njiani. Kwa miadi ya kawaida aende na mtu anayemwamini, abebe kopo la unga au vidonge vyovyote anavyotumia, tarehe za hedhi zake tatu za mwisho, na orodha ya kweli ya alichokula na mazoezi aliyofanya kwa siku tatu, yakiwemo yale ya alfajiri ambayo hukumpangia wewe.